Mto wa Sufi na Kiwanja cha Mjerumani

Nilienda vitani na mto wa kulalia. Wa sufi, foronya yake ya maua, kwa kuwa tangu utoto sijawahi kulala nje ya kwetu nikapata usingizi. Ujinga huo nausema mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi.

Asubuhi ya kuondoka tulijipanga kiwanja cha Mjerumani, hapa Morogoro mjini. Babu alitusimulia kwamba Mjerumani alikisawazisha ili askari wake wapige gwaride. Alipokuja Mwingereza, kikawa cha kurundika magunia ya pamba. Sisi mgambo tulikikuta na mbuzi. Tukawafukuza, tukajifunza vita vya Kagera kwa bunduki za miti.

Mama Kibwana alikuwa ameteremka kutoka Mgeta na tenga lake la kabichi, kumuaga mwanawe, rafiki yangu Kibwana. Alipouona mto alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwanangu, unakwenda kupigana au kulazwa?"

"Muache, mama," Kibwana akasema. "Ataniazima."

Kweli, huko mpakani, ndani ya handaki, tuliulalia kwa zamu.

Kombora la kwanza lilipita.

La pili halikupita.

Niliinua kichwa chake, nikauweka mto chini. Akaniuliza zamu ni ya nani. Nikamwambia ni yake.

Tulimzika nao.

Vita vilipokwisha, malori yalituteremsha kiwanja kilekile. Ngoma, matawi, vigelegele. Kwetu Waluguru, habari ya msiba huanzia kwa mjomba wa marehemu. Yeye ndiye humkalisha mama chini, nyumbani, akamwambia taratibu. Nilijua hivyo. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyopiga hodi kwa mjomba. Lakini aliyewahi kunifikia ni Mama Kibwana. Akaitazama mikono yangu mitupu, akacheka.

"Na mto wako umeuacha wapi?"

"Chini ya kichwa cha Kibwana, mama. Tumemzika nao."

Ndivyo nilivyomwambia. Hivyohivyo.

Ngoma haikusimama, wapigaji wangejuaje? Alikaa vumbini, wachezaji wakimpita huku na huku.

Hakukanyaga tena pale. Na tenga lake kichwani alizunguka njia ya mbali kwenda sokoni, mpaka alipofariki. Nami huzunguka vilevile. Kiwanja kikawa cha mitumba, kisha kikatandikwa pevingi, siku hizi ni maegesho ya bajaji. Nasimuliwa tu. Yangu ni kukaa barazani kwangu na kuwaza kwamba kutoka kwenye lori hadi kwa mjomba ni mwendo mfupi sana, na mimi sikuuweza.

Juzi narudi kutoka sokoni kwa ile njia ya mbali, nahema na kikapu cha nyanya, jirani yangu Mama Zuhura alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Kisha akaegemea ufagio wake.

"Mama Kibwana alikuwa anakwepa msiba wa mwanawe. Wewe babu unakwepa nini, bajaji?"