Jiwe Ambalo Mvunja Kokoto Hakutaka Kulivunja

Umande haujakauka kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya mji wa Kitengela, na Waithera ameshakaa chini. Anaweka jiwe ndani ya pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, ili vipande visimrukie machoni, kisha anagonga. Wavunja kokoto wengine wameketi pamoja karibu na barabara wakipiga soga. Yeye yuko peke yake upande wa pili.

"Nilizoea kukaa hapa na mzee wangu," anasema mama huyo wa miaka hamsini na minane. "Sasa najifunza kukaa bila yeye, na hiyo ndiyo ngumu."

Mumewe, Njogu, alifariki mwaka jana. Wawili hao walianza kujitenga na wenzao wakati wa ule ukame mkali, pale Njogu alipofika machimboni asubuhi moja na jiwe jeusi, zito ajabu. Aliapa kwamba jioni iliyotangulia alikuwa ameliona likianguka kutoka angani, likiwaka rangi ya kijani.

Wenzake walivunjika mbavu. Walimuuliza alikuwa amekunywa nini. Wakambandika jina la Nyota, na jina hilo likamganda hadi kwenye matanga yake.

Njogu hakuwa mtu wa utani. Alihamisha mpira na nyundo yake, na mkewe akamfuata. Waithera hana haya kusema kwamba kicheko kile kinamuuma mpaka leo.

Jiwe lilibaki nyumbani likizuia mlango usipigwe na upepo. Mwezi uliopita, Maryanne, mwalimu wa jiolojia aliyeleta wanafunzi wake machimboni, alikubali kulitazama. Alipolisogezea sumaku, ilinasa, kama inavyonasa kwenye mawe mengi ya angani. Waithera akashusha pumzi.

"Mama, ngoja kwanza," Maryanne alimwambia. "Hata mabaki ya chuma ya kiwandani hushika sumaku. Lazima tuone ndani."

Hapo ndipo mwanamke aliyevunja mawe nusu ya maisha yake aliposhindwa kuinua nyundo. Alilipakata jiwe lile kwa muda mrefu, wanafunzi wakimtazama. Hatimaye aliliweka ndani ya mpira wa marehemu akaligonga mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine alipige.

Ndani lilikuwa na vishimo vishimo, kama andazi.

"Jiwe la angani kwa kawaida haliko na vishimo hivi," Maryanne alisema polepole. "Likiwa bado linazunguka huko juu, tunaliita meteoroidi. Likiingia hewani liwake, ule mwanga ndio kimondo. Kipande kikibaki kifike chini, hicho ndicho meteoraiti. Pengine mzee aliona kimondo kweli. Lakini mtu hudhani kimeanguka hapo tu nyuma ya kilima, kumbe kimeenda mbali sana."

Kakuta, mfugaji ambaye hupitisha mbuzi hapo akielekea sokoni, alikuwa amesimama akisikiliza.

"Mama, hata mimi niliona hiyo kitu," alisema. "Nilikuwa kwetu upande wa Kajiado, mwaka huo wa ukame, jioni nikirudisha mbuzi. Ilikuwa ya kijani, ikapotelea mbali, upande wa Loitokitok. Sikuambia mtu. Wangesema nimelewa."

Waithera anasema alilia pale pale, mbele ya watoto wa watu.

"Mzee wangu hakudanganya," anasema. "Alikosea jiwe tu."

Vipande viwili vya jiwe hilo bado vinazuia mlango wake. Hana mpango wa kurudi kukaa na wale wa barabarani. Wakimtaka, waje wao. Jioni hukaa nje ya nyumba akitazama juu. Hajawahi kuona kimondo hata kimoja, na kwa miezi mingi aliogopa kukiona, kwa kuwa hakujua angemwambia nani.

Sasa ana nambari ya Kakuta kwenye simu.

"Nikiona moja nitampigia," anasema, akiweka jiwe jingine ndani ya mpira. "Huyo hataniuliza nimekunywa nini."