Jani la Bukini

Kama kulikuwa na mwanamke pale kijijini aliyejua kumwoka bata bukini, basi ni Hiltrud, na wala hakuona haya kulisema mwenyewe. Miaka hamsini na moja alimwoka bukini wa Krismasi jikoni mlemle, na miaka yote hiyo kazi iligawanywa vilevile. Yeye alimchukua ndege kwa jirani, akamsafisha, akamjaza, akamshona. Mumewe, Gernot, alileta jani, kisha siku yenyewe akamkata bukini mezani. Hakuna aliyetia mkono katika kazi ya mwenzake, na aliyejaribu aliambiwa akatafute kazi yake.

Jani lenyewe ni la porini, linaota lenyewe kwenye tuta la reli, na watu wa huko huliita jani la bukini kwa sababu bila hilo mafuta ya ndege yule hukaa tumboni mpaka mwaka mpya. Huchumwa Agosti kabla maua hayajafunguka, likafungwa mafungu na kukaushwa. Shida yake ni moja tu. Lina ndugu yake, pakanga, aotaye palepale bega kwa bega nalo, na uchungu wa pakanga nani asiyeujua? Kwa hiyo mtoto wa kule, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, hufundishwa kugeuza jani. Likiwa kijani juu na jeupe chini, chuma. Likiwa na rangi ya majivu pande zote mbili, achana nalo.

Mwaka huu bukini alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kushibisha watu. Mwezi wa kumi Annett, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Leipzig kulala siku mbili, akamkuta baba yake alfajiri kwenye kituo cha basi, amevaa vizuri, kopo la chakula mkononi, anangoja basi la kiwanda cha vyombo vya kauri. Kiwanda hicho kilifungwa miaka thelathini iliyopita.

"Mama, hali hii haiwezekani tena," Annett alisema walipokuwa wawili. "Kule nyumba ya wazee kuna kitanda. Januari wanampokea."

"Baba yako haendi popote. Kasahau siku, basi. Wewe hujawahi kusahau siku?"

"Mama, kasahau miaka thelathini!"

"Njoo Krismasi," Hiltrud alisema. "Ukae mezani, ule, umwangalie. Ukiona kasoro, mchukue, sitafungua mdomo."

Alijua anacheza kamari, lakini alikuwa na karata nzuri. Mkono wa Gernot haukuwa umesahau kisu. Na Agosti, si alikwenda kwenye tuta peke yake? Hiltrud alisimama dirishani saa nzima, aproni yake ya buluu ameikunjakunja mikononi, akihesabu dakika, mpaka akamwona anarudi na fungu la majani begani, anatembea kwa maringo yake yale ya ujana. Alilia kwa furaha. Kwenda na kurudi bila kupotea! Alilipokea lile fungu, akalifunga katika gazeti, akalitundika ghalani. Kuligeuza jani hakukumjia hata akilini. Tangu lini akakagua kazi ya Gernot?

Basi siku ya Krismasi, saa moja asubuhi, alimpaka bukini chumvi ndani na nje, akamjaza matufaha na vitunguu, akachukua gazeti ghalani na kuvunjavunja majani makavu humo tumboni, ngumi nzima, kama kawaida. Mafua yalikuwa yamemziba pua tangu juzi. Alishona, akachoma ngozi kwa uma chini ya mabawa ili mafuta yatoke, akamwingiza ovenini. Shingo, moyo na firigisi alivichemsha kando kwa ajili ya mchuzi. Gernot alikaa mezani akimenya viazi vya kuponda na kuviringa madonge, kimoja baada ya kingine, maganda membamba yasiyokatika.

"Annett anakuja na nani?" aliuliza.

"Na Thoralf, baba. Mume wake."

"Namjua Thoralf. Yule mwenye kucheka ovyo."

"Huyohuyo!" Hiltrud alisema, na moyo wake ukachangamka. Siku ilianza vizuri mno.

Saa nne alifungua oveni, akachota kwa upawa yale mafuta na maji yaliyojikusanya chini ya ndege, akamwagia ngozi, kisha akajilambisha ncha ya kijiko aone chumvi. Mdomo wake wote ulijikunja. Alitema kwenye sinki, akafungua bomba akasukutua, akaonja tena, maana mtu hawezi kuamini jambo kama hilo mara moja. Akalichukua lile gazeti. Mlikuwa mmebaki kijiti kimoja. Alikipeleka dirishani penye mwanga, akageuza jani. Majivu juu. Majivu chini.

Ungemwona hapo ungemhurumia. Alimtoa bukini, akakata uzi kwa mkasi, akaanza kukomba tumbo kwa kijiko, matufaha yanayochemka yakamwagika na kumbabua mkono wa kushoto kuanzia kidole gumba hadi kifundo. Hakupiga kelele, kwa sababu Gernot alikuwa palepale. Alimsuuza ndege ndani kwa maji ya moto mara tatu. Mafuta yote akayamwaga, yale mafuta ambayo miaka mingine wangeyapaka mkate mpaka Februari. Alimjaza matufaha mapya, akamrudisha, akaapa kwamba yatakuwa yamekwisha. Baada ya nusu saa alikata kipande kidogo pajani. Uchungu ulikuwa umeingia mpaka mfupani.

Afanye nini? Maduka yamefungwa. Jirani bukini wake wote wameshauzwa, na yule mmoja aliyebaki yuko kwenye oveni yake mwenyewe. Alitia sukari kwenye mchuzi, akatia krimu, akatia asali, akawa ana mchuzi mtamu wa kumwagia nyama chungu. Akaketi kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa chenye maji baridi, akabaki anaitazama saa.

Gernot alivuta hewa. "Inanukia, Mama. Jani langu hilo."

"Ndiyo, baba. Jani lako."

Saa sita wageni waliingia na theluji kwenye viatu. Gernot alimkumbatia Annett, akamwita kwa jina, akamuuliza Thoralf kama bado anacheka ovyo, na Thoralf akacheka. Mezani alishika kisu, akatenganisha paja, akakata kifua vipande vya unene mmoja, akampa kila mtu haki yake bila kudondosha tone kwenye kitambaa. Hiltrud alimwona Annett anavyomtazama baba yake, na uso wa binti ulikuwa umetulia kabisa. Laiti Krismasi ingekuwa ya kutazama tu bila kula.

Thoralf ndiye aliyeanza kutafuna. Alisimamisha taya, akamtazama mkewe, akanywa bia yake yote kwa mkupuo mmoja.

"Mama," Annett alisema polepole, "umetia nini humu?"

Hiltrud alikuwa ameshaliandaa jibu lake jikoni. "Pakanga. Mwaka huu nilichuma mimi, baba yenu goti lilimsumbua. Macho yangu haya. Nichekeni tu, nastahili."

Hakuna aliyecheka, hata Thoralf.

"Wewe?" Annett aliweka uma chini. "Wewe uliyenifundisha kugeuza jani nikiwa na miaka sita? Umeoka saa tano zote hukusikia uchungu? Na huo mkono?"

"Mvuke tu."

"Mama, nionyeshe." Alifungua kile kitambaa mwenyewe, akaona malengelenge, na machozi yakamjaa machoni. "Nimekuja kumwangalia Baba. Kumbe miezi yote hii nilikuwa namwachia mtu ambaye... Mungu wangu. Wana vyumba vya wawili kule. Nitapiga simu wakifungua tu."

Hiltrud alikuwa amejibebesha kosa ili amwokoe mmoja, sasa linawang'oa wote wawili ndani ya nyumba yao.

"Si Mama," Gernot alisema.

Walimgeukia. Alikuwa ameweka kisu pembeni, amekaa wima.

"Nilichuma mimi. Agosti, siku waliyofyeka tuta. Palikuwa pamebaki kidogo tu karibu na daraja, nikachuma hapo. Mama alikuwa dirishani na aproni ya buluu, analia. Sikuuliza analilia nini."

"Sawa, Baba," Annett alisema, akampigapiga mgongo wa mkono jinsi anavyofanyiwa mtoto. "Sawa. Kula basi."

"Sisemi uongo, Annett. Mama, mwambie."

Miezi mingapi Hiltrud alikuwa akiomba asikie maneno kama hayo kinywani mwake, yamenyooka hivyo, yana mwanzo na mwisho? Sasa yamekuja, na yeye ndiye aliyeyafungia mlango. Akisema kweli, Gernot ataondoka Januari peke yake. Akishikilia uongo, wataondoka wote, lakini wataondoka pamoja. Alitafuta njia ya tatu, akaitafuta kwenye sahani, kwenye dirisha, kwenye uso wa Thoralf wa watu. Haikuwepo.

"Nilichuma mimi, baba," alisema.

Mara nyingine mke wake akimsahihisha, Gernot alibisha, akagonga meza, akatoka nje bila koti. Tangu maradhi yaanze hajawahi kukubali hata mara moja kwamba amesahau kitu, na Hiltrud alimwona sasa anavyoitafuta ile Agosti kichwani na kuikosa.

"Basi ni wewe," alisema. "Nisamehe, Mama. Siku hizi nasahau."

Akachukua uma, akala nyama yake yote, mpaka sahani ikawa nyeupe.