Mshale wa Hospitali

Leo asubuhi, nyuma ya bucha moja mjini Kitale, walikuwa wakiosha matumbo. Harufu ya damu na mavi mabichi ilinifika kooni, nikajikuta njia panda ya kwetu, karibu na Chwele, nikiwa mtoto wa darasa la tatu.

Lori la miwa lilikuwa limeangusha kibao cha hospitali. Watu wakakisimamisha kinyume, mshale ukaelekea kichinjioni. Kila mtu wa pale alijua. Hakuna aliyekigeuza, ati ni mali ya serikali na ukikigusa utashikwa. Mimi na mjomba wangu tuliketi kando, tukitafuna miwa na kuwacheka wageni waliopotea.

Siku moja alifika mama kwa miguu kutoka upande wa Kapsokwony, amebeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akihema mbiombio, macho nusu wazi. Mama alisoma kibao, akafuata mshale. Mjomba alinikanyaga mguu ninyamaze.

Mama alirudi mbio kutoka kichinjioni, sketi imelowa damu na kinyesi cha ng'ombe, nzi wakimfuata.

"Si mlikuwa mnajua?" aliuliza.

"Pole, mama. Hiyo ni ya serikali, bana," mjomba alijibu.

Mama aliikumbatia nguzo ya kibao iliyofukiwa ovyo, akaizungusha mpaka mshale ukaelekea hospitali, mtoto akining'inia mgongoni. Kisha akakimbia.

"Huyo atashikwa," mjomba alisema, akatema makapi ya muwa.

Tukacheka. Mimi pia nilicheka.