Kifeni cha Dalali

Dalali wetu wa ng'ombe hapa Garsen ni mtu wa maendeleo. Sisi wengine tunatokwa na jasho tu. Yeye ametundika kifeni cha USB shingoni, waya umezama mfukoni kwenye pawabenki, na kila akimaliza sentensi anaichungulia na kutangaza, "Chaji ipo," kana kwamba tulimuuliza.

Leo alimwambia Dahir, mnunuzi, kwamba mzee Guracha hauzi fahali wake chini ya vidole vitano. Kisha akaingiza mkono chini ya shuka la mzee kushikana naye vidole, maana bei hapa husemwa kwa vidole, kwa siri. Joto likamzidi, akaongeza upepo. Shuka likapeperuka. Sote tukaona mzee ameshika vidole vitatu tu vya dalali.

"Walahi," Dahir akasema, "kumbe dalali ni hiyo feni. Wewe ni waya tu."