Viti vya Nyuma

Mwaka wa pili baada ya kuachana na mke wangu ndio mwaka niliobuni gari. Naliweka hili wazi mapema ili mtu asije akadhani nina gereji au nimesomea uhandisi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari hapa Micheweni, Pemba, na gari lenyewe halikuwahi kugusa ardhi. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na humo ndani lilikwenda vizuri.

Tuliachana kwa wema. Miaka tuliyoishi pamoja haikuleta mtoto, na ukimya wa nyumba ulimchosha yeye kabla haujanichosha mimi. Aliomba talaka kwa heshima, nikaitoa kwa heshima, na ndugu zake wakaja na gari la mizigo kuchukua vyake. Walipoondoa kabati la nguo, nyuma yake ikaonekana soketi ya umeme ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Ukuta pale ulikuwa mweupe kuliko kwingine kote. Nikasogeza meza, nikachomeka kompyuta yangu ya mtumba, na tangu siku hiyo pale ndipo nikawa nakaa kila nikirudi skuli.

Siku moja nilikuwa natafuta mtandaoni picha ya injini iliyokatwa katikati, nipate kuwaonesha wanafunzi pistoni inavyopanda na kushuka. Nikajikuta kwenye ukumbi wa watu wanaobuni magari kwa kujifurahisha. Wanatumia programu moja ambayo unaunda gari zima ndani yake: unachagua idadi ya silinda, upana wa pistoni, chesi, gia, breki, matairi, mpaka vitasa vya milango. Ukimaliza, programu inakwambia gari lako lina uzito gani na linakunywa mafuta kiasi gani. Kila mmoja hujifanya ana kiwanda. Anayeendesha shindano hujifanya mnunuzi: anatoa masharti, watu wanamtumia magari yao, naye anayapima na kuandika hukumu.

Nilisoma hukumu za mashindano yaliyopita kama mtu anayesoma hadithi. Wale watu walibishana kwa adabu juu ya breki za ngoma. Sikumjua hata mmoja kwa sura wala kwa nchi, lakini nikapenda kule kujali kwao.

Shindano lililokuwa mbele lilitaka gari la matumizi madogo. Mwendeshaji wa shindano alieleza kwamba anatafuta gari la mtu wa kawaida, lisilomtia hasara kwenye mafuta, na ambalo fundi yeyote wa mtaani ataweza kulifungua na kulifunga. Lazima lichukue watu wawili. Wakizidi ni hiari ya mbunifu. Mwisho wa kupokea magari ulikuwa mwezi ukiandama. Nikajiandikisha. Kiwanda changu nikakiita Maweni, kwa sababu ndiko tunakokaa, juu ya mawe, na sikuwa na jina jingine kichwani.

Nilianza na injini ya silinda nne, nikaona ni kubwa mno, nikashuka kwenye tatu. Kabureta moja tu. Nikapunguza upana wa matairi, nikaona namba za mafuta zinashuka. Nikaondoa redio. Nikaondoa zulia la sakafuni, nikabadilisha mabati ya boneti. Kila nilipopunguza kitu, gari lilizidi kuwa jepesi na mimi nilizidi kuona raha. Ilikuwa kazi niliyoielewa. Mwisho nikaangalia nyuma, nikaona viti viwili ambavyo havikutakiwa na sharti lolote. Nikaviondoa. Namba zikashuka kwa mkupuo, nikasimama peke yangu chumbani nikipiga makofi.

Ndipo nikaona kwamba sina mtu wa kumwambia.

Nilitoka kwenda kusali alasiri. Baada ya sala nilimkuta mwalimu mwenzangu wa jiografia anavaa viatu barazani kwa msikiti, nikashindwa kujizuia.

"Nimemaliza gari," nikamwambia. "Linakula mafuta kidogo sana, huwezi kuamini."

"Umenunua gari?"

"Sikununua. Nimelibuni. Kwenye kompyuta, kuna mashindano."

"Ukishinda unapewa nini?"

"Hupewi kitu. Wanaandika tu kwamba umeshinda."

Akamaliza kufunga kamba za viatu bila kuniangalia. "Sheikh wangu," akasema, "tafuta mke." Hakusema kwa ubaya. Alinigusa bega, akaenda zake.

Sijui maneno yalipinda wapi, lakini kesho yake skuli nzima ilijua kwamba nimenunua gari. Wanafunzi wakanipa hongera. Muuza duka akaniuliza limeshushwa bandari gani, Mkoani au Wete, na nilipomwambia hakuna gari, akacheka, akasema watu wenye kitu siku zote ndivyo wanavyojibu. Nikaacha kukanusha. Nilichoka, na kusema kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi watu walikuwa wananisimamisha njiani.

Mwisho wa wiki ile, asubuhi, nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ya mama wa mtalaka wangu.

Yule bibi anakaa nyumba chache kutoka kwangu na analima mwani. Kwa dini yetu, mama wa mke hubaki mama hata talaka ikishatoka, naye alilichukua jambo hilo kama lilivyo. Hakuacha kuniletea mihogo ya nazi siku akipika mingi, na hakuacha kunigombeza nikichelewa kurudisha bakuli. Mimi nilikuwa namwita mama tangu siku ya ndoa na sikupata sababu ya kuacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari li wapi?" Alikuwa bado mlangoni, anaangalia uani kana kwamba ningeweza kulificha nyuma ya pipa la maji.

"Hakuna gari, mama. Watu wamesikia vibaya."

"Ala!" Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Na mie n'shajipangia. N'kasema, mwezi ujao inshaallah nikenda Chake Chake, atanipeleka yeye, nisihangaike na mizigo. Maana mwenzio kule siku zake zi karibu, na mtoto wa kwanza mama lazima..."

Aliniangalia, akaelewa.

"Ulikuwa hujui," akasema.

"Sikuwa najua."

Nilijua tu kwamba binti yake ameolewa tena na kwamba mume ana kazi mjini. Hayo mengine hakuna aliyenifikishia, na sikumlaumu mtu, kwani nani angekuja mlangoni kwangu na habari hiyo? Nikasema, "Hongereni, mama. Mungu amjaalie ajifungue salama." Sauti ilitoka sawasawa. Nikaingia jikoni kumtafutia maji ya kunywa, nikasimama mbele ya mtungi muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kuchota kikombe kimoja.

Niliporudi, alikuwa ameigeuzia kompyuta kiti chake.

"Haya," akasema kwa sauti ya mtu anayebadilisha mazungumzo kwa makusudi, "nioneshe hilo gari lisilokuwepo."

Nikaiwasha. Gari likatokea likizunguka polepole kwenye kioo, jeupe, dogo, na taa za mviringo. Nikamweleza: injini ya silinda tatu, uzito kidogo, mafuta ya kufika Chake na kurudi yanaingia kwenye dumu dogo na nafasi ikabaki. Alisikiliza kwa makini sana. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mbona viti viwili?"

"Nimeondoa vya nyuma. Vinaongeza uzito."

"Na mie nakaa wapi?"

"Unakaa mbele, mama. Pembeni yangu."

"Mbele siwezi. Mie nikiiona njia inanijia, natapika. Weye unajua."

Nilijua. Mara ya mwisho tulipokwenda naye spitali, tulisimamisha gari la watu njiani zaidi ya mara moja, mke wangu akimshika mgongo na mimi nikishika mkoba wake. Mama yule husafiri nyuma, dirishani, upepo ukimpiga usoni.

"Basi navirudisha," nikasema, nikavirudisha. Viti viwili vikajitokeza nyuma ya vile vya mbele. Namba za mafuta zikapanda. Akaniuliza zile namba zinasema nini, nikamwambia zinasema umepanda, akacheka mpaka akakohoa.

"Na dirisha linafunguka?"

Halikuwa linafunguka. Kwenye magari ya aina ile, watu wengi huweka vioo vya nyuma visivyoshuka, kwa wepesi na urahisi. Nikatafuta, nikaweka milango minne na vioo vya kuteremsha kwa mkono. Uzito ukapanda tena.

"Ndo hivyo," akasema. "Na hino rangi ondoa. Nyeupe gari za serikali."

Tukachagua kijani. Alikaa mpaka karibu na adhuhuri, akitaka kuona buti likifunguliwa, akitaka kujua kapu litaingia au halitaingia. Aliposimama kuondoka alinishika mkono, akawa kama anataka kusema kitu, kisha akasema tu nisisahau bakuli lake.

Ningeweza kuviondoa viti vile alipokwisha kutoka. Nilijua vitanishusha. Jioni nilikaa mbele ya gari nikajaribu kuliangalia kama mshindani, nikashindwa. Mwezi ulipokaribia kuandama nililituma kama lilivyo, na maelezo mafupi kwa Kiingereza changu cha vitabuni: kwamba ni gari la njia ya lami yenye mashimo, la familia isiyo na haraka, na kwamba abiria wa nyuma hupata upepo.

Siku za kungoja hukumu zilikuwa ndefu. Nilikuwa najibu salamu za watu kuhusu gari, nasahihisha madaftari, napika wali, na jioni nafungua ule ukumbi nikiona watu wakitaniana kwa mafumbo ya zamani ambayo mimi sikuwepo yalipoanza. Mara moja niliandika sentensi nzima ya kujitambulisha, kwamba niko kisiwani Pemba na ninafundisha. Nikaifuta. Niliogopa kwamba hakuna atakayejibu.

Hukumu ikaja. Nilikuwa wa tisa, katikati hasa ya washindani. Mshindi alikuwa na kigari cha viti viwili, chepesi kuliko hata kile changu cha mwanzo. Juu ya gari langu mwendeshaji aliandika kwamba injini ni nzuri, ila mbunifu amebeba uzito ambao hakuombwa. Kisha akaongeza mstari mmoja: inaonekana aliyelibuni alikuwa anamfikiria mtu fulani anayekaa nyuma, na angependa kujua ni nani.

Nikausoma mstari ule mara nyingi. Sikumjibu. Nilichukua bakuli, nikatoka kwenda kwa mama.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani yake, aliyekuwa anaanua mwani uliokauka, akaniambia ameondoka juzi kwenda Chake Chake, binti ameshajifungua mtoto wa kiume, na bibi atakaa huko mpaka arubaini ipite. "Hukuambiwa?" akauliza. Nikasema niliambiwa, nimesahau. Nikarudi nyumbani na bakuli mkononi.

Nilipiga simu baada ya alasiri. Iliita sana, kisha ikapokewa, na sauti haikuwa ya mama.

"Mama yuko uani, anafua," akasema mtalaka wangu. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kabati. Alinijua kwa namba.

"Hongera kwa mtoto."

"Ahsante. Tunashukuru."

"Mwambie mama gari limekuwa la tisa."

Nilitegemea aulize gari gani. Nyuma yake nikasikia mtoto anaguna.

"Lile la kijani?" akauliza. "Kanihadithia. Kasema halipo lakini lina vioo vinashuka." Nikasikia anatabasamu, niliijua sauti yake inavyokuwa. "La tisa katika mangapi?"

"Kumi na saba."

"Si vibaya."

"Si vibaya," nikasema.

Mtoto akaanza kulia kwa nguvu. Akasema inabidi aende, nikasema ndiyo, nenda, na simu ikakatika kabla hatujaagana vizuri. Nilibaki nimeishika sikioni kwa muda. Uani kwangu palikuwa na jua kali na hapakuwa na mtu.

Mama alinipigia mwenyewe kesho yake, akitaka kujua walionishinda wameweka nini. Nilipomwambia mshindi ana viti viwili, akasema basi huyo hana mama. Tulicheka. Akaniambia mjukuu ana mikono mirefu, akaniuliza nakula nini, akasema akirudi nitakwenda kula kwake. Nikasema inshaallah.

Arubaini ilipita na hakurudi. Mkwewe mpya alimtengenezea chumba, na mtoto amemzoea. Mwani wake sasa anaulima mpwa wake. Mama hunipigia simu siku za Ijumaa, wakati mwingine husahau, nami simkumbushi.

Nimeshashiriki mashindano mengine mawili: la gari la mizigo na la gari la kifahari. Katika la mwisho nilipata nafasi ya nne, na mwendeshaji akaisifu sana injini. Siku ile nilipita kwa muuza duka kununua mkate. Akaniuliza, kama kawaida yake, gari litafika lini. Nikamwambia bado liko njiani. Akanihesabia chenji yangu, nami nikakaa kwenye benchi lake mpaka alipofunga duka kwenda kusali.