Nelima: "Hakuna aliyeuchukua unyayo wangu"

Ni saa moja kasorobo asubuhi. Nelima Nasipwondi ameshapuliza mkaa wa pasi mara tatu, na shati la kwanza liko mezani. Nje, soko la Kibuye ndiyo kwanza linachangamka. Amesimama wima, miguu yote miwili chini, na anataka aonekane hivyo.

"Andika kwamba nasimama," anasema. "Kuna watu walisema sitasimama tena."

Nelima, mjane wa miaka 41 mwenye watoto wanne, anapiga pasi katika duka la dobi mjini Kisumu kwa shilingi 170 kwa mwezi. Kazi yenyewe haina kiti. Ni saa tisa kwa siku juu ya sakafu ya saruji.

Mwaka 1972 maumivu yalimshika kiunoni, yakateremka nyuma ya paja la kushoto hadi kwenye shavu la mguu. Alimeza vidonge, akachua mafuta, wapi! Mwaka wa pili ulipokwisha, alikuwa akiinuka kitandani kwa kushika ukuta.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shemeji yake, Masinde, anayeishi Kisian, alikuja kumjulia hali akamkuta jirani, Nakhungu, akichota mchanga mlangoni pa Nelima kwa kopo. Wengi huamini kwamba adui akichota udongo uliokanyagwa na mtu, anaweza kumlemaza mguu. Masinde hakuuliza swali hata moja. Wiki haikuisha, habari ikawa imefika nyumbani kwao Kimilili, tena imepikwa ikaiva: Nakhungu ndiye anayemla Nelima mguu.

Kumbe mwenzao alikuwa akichota mchanga wa kusugulia sufuria!

"Kila siku nachota, hata kwa mlango yangu," anasema Nakhungu. "Nikienda bombani, watu wanaondoa ndoo. Watoto wangu wakaitwa watoto wa mchawi."

Masinde akapanga mganga aje Jumamosi, amtaje mchawi mbele ya majirani. Nelima atoe shilingi themanini na mbuzi. Kila mtu alijua nani atatajwa, na kwamba akitajwa atafukuzwa siku hiyo hiyo.

Nelima alikataa katakata. "Huyu mama ndiye alipokea mtoto wangu wa mwisho na mikono yake. Eti afukuzwe juu ya mguu wangu? Thubutu!"

Masinde akasema mganga atakuja tu, apende asipende.

Alhamisi ya wiki hiyo Nelima alipeleka viatu vyake vya kazini kwa Narendra, fundi viatu karibu na Kibuye, avitie soli. Mzee huyo akavigeuza, akalinganisha visigino. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika sawasawa. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa ndani mpaka msumari ukaonekana.

"Mama, wapi nauma? Goti? Kiuno?"

"Vyote, Mzee."

Narendra akaleta karai la maji, akamwambia achovye miguu kisha apite juu ya saruji. Alama ya mguu wa kulia ilikuwa nyembamba katikati, kama ya watu wengi. Ya kushoto ilikuwa imejaa kote, bapa kama chapati.

"Hii mguu nalala ndani," akasema. "Mguu nalala, goti nafuata, kiuno napinda. Mgongo ndiyo nalipa."

Alisema wazi kwamba yeye si daktari. Kisha akabandika ngozi tabaka tatu, akazichonga ziinue upande wa ndani wa unyayo, akaiweka hiyo soli ndani ya kiatu cha kushoto. Siku ya kwanza iliuma kama kukanyaga jiwe. Nelima akakaza meno, akavaa.

Jumamosi mganga akaja na mkoba wake, Masinde nyuma. Kabla hajaketi, Nelima akatoka na karai. Akachovya miguu, akatembea kwenye saruji ya ua, majirani wote wakitazama.

"Shemeji, angalia! Unyayo wangu huu hapa, tena umejaa kuliko ule mwingine. Kama kuna mwizi, ameiba nini?"

Mmoja akacheka, kisha ua mzima. Mganga akadai nauli yake, akaenda zake. Masinde hakucheka, na tangu siku hiyo humsalimia Nelima shingo upande.

Maumivu hayakuisha siku hiyo, na Nelima hataki mtu aandike miujiza. Ilichukua miezi mitatu kabla hajaacha kushika ukuta. Hata sasa, mwaka 1976, nguo zikiwa nyingi mguu humkumbusha, na soli ile hutengenezwa upya kila baada ya miezi minne.

Lakini Kimilili jina la Nakhungu bado ni la mchawi, na hilo humkera Nelima kuliko mgongo. Agosti hii mwanawe wa kwanza, Tom, atatahiriwa huko. Kwa Wabukusu, hiyo ndiyo siku ambayo mtu anayeshukiwa hasogezwi karibu na chungu cha chakula cha wageni. Masinde ameshatuma ujumbe kwamba mwanamke yule asikanyage bomani.

Nelima anaiweka pasi chini, anajifuta jasho.

"Nimemjibu. Chakula ya wageni atapika Nakhungu. Wa kwanza kula ni mimi, wa pili ni Tom. Masinde akiogopa, abebe yake kutoka Kisian."