Konzi ya Pumba

Efrazia Margwe alianza kutunza wanyama wa maabara, katika chuo kimoja karibu na Endagikot, binti yake Judica akiwa bado mgongoni. Sasa Judica ana watoto wake, na Efrazia bado anaosha vizimba, magoti yakimuuma kila ukungu unaposhuka.

Mwaka huu mwalimu Hermani alimletea makundi mawili ya panya weupe. Kundi la kwanza lilikula chakula kamili. La pili lilinyimwa vitamini B1, ile inayopotea nafaka ikikobolewa. Kila asubuhi panya waliwekwa juu ya ufito uliolazwa juu ya beseni la maji, ionekane nani ana nguvu za kujishikilia. Baada ya wiki kadhaa wale wa kundi la pili wakawa wanayumba, miguu ya nyuma ikiburuzika, wanadondoka. Aliyewaopoa na kuwafuta ni Efrazia.

Alichoka kuwaopoa. Akaanza kuja na konzi ya pumba za mahindi anazolishia nguruwe wake, ambamo vitamini hiyo hubaki, mfukoni mwa koti, akiwalisha wagonjwa kabla mwalimu hajafika. Haikupita muda, wakajishika ufitoni imara.

"Shikamoo, Mama Judica. Hawa unawaandaa kwa mbio za Babati?" Hermani alicheka.

"Marahaba, mwanangu. Labda wamezoea."

"Basi nimepata jibu. Jumamosi nakutana na wazazi wa shule ya Bashay, walioniuliza kama uji wa sembe iliyokobolewa unadhuru watoto. Nitawaambia waendelee na sembe yao, mwili unazoea."

Efrazia alisugua beseni ambalo lilikuwa safi tayari. Wajukuu wake wanasoma Bashay, na sembe ndiyo uji wao wa kila siku.

"Mwalimu, usiwaambie hivyo. Nimewalisha pumba."

"Pumba? Mama, hawa hawa?"

"Niliwaonea huruma."

Hermani aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ningesimama mbele ya watu wazima nikawadanganya."

"Ndiyo maana nimesema."

Chuoni wapo wanaomsifu kwa moyo wake mwema. Mimi kwa pumba simsifu. Huruma ile ya kujificha ilikaribia kuwaumiza watoto, na panya haikuwaokoa, kwani jaribio lilianzwa upya na panya wengine. Namsifu kwa kusema, akijua atakayewanyima hao wengine vitamini ni yeye.

Sasa pumba zinabaki nyumbani. Juzi panya wa kwanza wa kundi jipya alidondoka. Efrazia akamwopoa, akamfuta taratibu kwa kitambaa, akamrudisha ufitoni.